Binti Yetu wa Chumba cha Nondo

Usiku wa tarehe 11 Juni 2023 tulikaa kwenye benchi la hospitali, mimi mama yake pamoja na mumewe, tukiukodolea macho mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi. Saa kumi na moja alfajiri daktari alitoka, akavua miwani. Tukajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1986, kitindamimba kati ya watoto watatu. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2008 akapata stashahada ya elimu ya wadudu.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye makumbusho, chumba cha nondo waliokaushwa na kupangwa kwenye trei: wale wadudu wadogo wa usiku, rangi ya vumbi, ambao mtu huwafagia bila kuwatazama. Kazi yake ilikuwa kuchungulia mishipa ya mbawa zao kwenye hadubini na kumrudisha kila mmoja kwenye familia yake. Nilimuuliza, "Si ndio hawa wanaotoboa sweta zangu?" Alicheka. "Hao na hawa wangu wamevaa koti moja tu, mama. Undugu hawana." Dirisha la chumba kile halikufunguliwa, wala mlango kuachwa wazi, maana upepo kidogo tu huwavunja mbawa. Unga wa mbawa zao na harufu kali ya dawa ya kuwahifadhi vilibaki humo, naye humo humo.

Mumewe, fundi umeme, alikwenda kutengeneza taa ya chumba hicho. Binti yangu akamwambia, "Subiri nje, kaka, nimalize trei hii." Alisubiri saa mbili, na bado akarudi kesho yake. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2011, wakajaliwa binti mmoja.

Kifua kilimshika mwaka 2019. Daktari alimwambia aiache kazi. Nami nilimsihi hadi nikalia. Jibu lilikuwa lile lile: "Bado trei moja, mama."

Mwezi Mei mwaka huu alihamia kwangu, pumzi zikihesabika. Kila nilipomfungulia dirisha alizinduka: "Funga, mama, watapeperuka!" Nami nilifunga. Mungu anisamehe, nilifunga kila mara.

Baba yake alimtangulia. Marehemu ameacha mama, mume, binti wa miaka tisa, kaka wawili, na trei moja ambayo wenzake kazini wameahidi kuimaliza.

Leo asubuhi, kabla hatujaja hapa makaburini, nimefungua dirisha la chumba chake na mlango pia, nikauwekea jiwe usijifunge.

Pumzika, mwanangu. Pumua.