Mninga Haufi Ukikauka: Tunamuaga Bi Dorotea Masalu

Tarehe 31 Agosti, Bi Dorotea Masalu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika kitalu chetu cha miche, Mkuyuni. Alipoanza walikuwa watumishi sita. Wengine walihamishwa, wengine wakafariki, na miaka kumi na minne ya mwisho amefanya kazi peke yake.

Moyo wake uko kwenye mninga. Baba yake, fundi wa Sengerema, alichonga ngoma na vinu kwa mti huo, na mama yake alitia vikapu rangi kwa utomvu wake mwekundu. Zamani mninga ulisimama nyuma ya nyumba yao. Bi Dorotea alipoolewa, baba alisafiri siku mbili kutafuta mninga wa kumchongea kinu, maana ya karibu ilishageuka milango na vitanda vyetu sisi watu wa mjini. Meza ya mkuu wetu, ya mninga mtupu, Bi Dorotea aliiita marehemu, na kila alipoingia ofisini aliipa pole.

Mimi Bashiru nililetwa kitaluni mwaka 2009, nimetoka chuo na ujuaji mwingi. Agosti hiyo alikwenda kumzika mumewe. Nikaona tuta zima la miche ya mninga limekauka, nikaling'oa lote ili arudi akute pasafi. Sikujua kwamba mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi, miaka mingi mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Alikuwa ameilea kwa miaka minne.

Hakunifokea. Alipiga magoti jalalani na gauni lake la msiba, akachambua mizizi mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mninga haufi ukikauka, mwanangu. Uwe unauliza kwanza." Tuliipanda tena kumi na tisa, ikachipua saba. Sijawahi kuona aibu kama ile. Baada ya miaka miwili nilihamishiwa ofisini Nyamagana, na nikiri kwamba sikwenda kumtembelea inavyostahili.

Leo ana miche mia moja na ishirini, na anaondoka kiangazi, tuta likiwa vijiti vitupu. Wapo wanaoliona eneo hilo kuwa zuri kwa kuegesha pikipiki. Hakujaliwa mtoto, wala hakuna aliyeajiriwa kumrithi. Mkuu alipomuuliza angependa zawadi gani, aliomba jembe lisiguse tuta lile mpaka mvua za vuli. Amekubaliwa, lakini mpaka vuli tu. Baada ya hapo lazima kuwe na majani ya kuonyesha.

Nimeomba kurudishwa kitaluni, na Jumatatu naanza. Naogopa, kwa sababu kwa macho hata sasa siwezi kutofautisha mche uliokufa na uliolala.

Mama, asante kwa kutuvumilia. Watumishi wenzako tunakuombea afya na mapumziko mema huko Sengerema. Mvua ikinyesha nitakupigia simu, hata kama umechipua mmoja tu.