Ukucha wa Kidole Kidogo cha Teodorico Palmares

Marehemu Teodorico Palmares alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Molo, mjini Iloilo, mtoto wa tatu wa mzee Crispulo Palmares, mpagazi wa bandarini, na Bi Salud, mshonaji. Alihitimu upimaji wa ardhi mwaka 1972, wa kwanza katika ukoo kufika chuo. Mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ya mkoa, akatumikia miaka thelathini na tisa bila kusogeza jiwe la mpaka kwa ajili ya mtu yeyote.

Alipopata meza yake ofisini, alianza kufuga ukucha mrefu wa kidole kidogo cha mkono wa kulia, kama makarani wengi wa rika lake. Abebaye magunia hawezi kuwa nao. "Baba alitoa mgongo," alikuwa akisema, "ili mimi nifuge huu."

Tarehe 9 Januari 1977 alifunga ndoa katika kanisa la Molo na Adela Sumagaysay, mwalimu, baadaye mwalimu mkuu. Bibi harusi alimwomba aukate kwa ajili ya picha. "Adela, niombe kingine chochote," alijibu. Aliombwa kila mwaka, na jibu halikubadilika. Kwa mengine yote alikuwa mume mwema.

Mwaka 2013, akiwa na miaka sitini na miwili, alianza kujifunza piano, ule muziki wa zamani wa Ulaya, kwa Bi Perla Gallego, mjane aliyeishi mtaa wa Jaro. Alhamisi ya kwanza alirudi bila ukucha.

"Umevunjika?" mkewe aliuliza.

"Nimeukata. Unagonga vibonyezo."

"Mimi nimekuomba miaka thelathini na sita."

"Wewe uliomba, mama watoto. Yule aliniwekea mkasi mezani."

Mkewe hakusema naye siku tatu. Siku ya nne muuza samaki alimwambia mbele ya wateja, "Mwalimu, mzee anang'aa siku hizi. Kucha fupi kama bwana harusi. Anaoa wapi?" Watu wakacheka.

Kwa kuwa maneno hayo yalifika hadi kanisani, ni vyema yajibiwe hapa. Kuanzia Alhamisi iliyofuata, mkewe alihudhuria kila somo nyumbani kwa Bi Perla, miaka minane, kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Alichokisikia ni hiki: "Mzee Teodorico, kidole cha nne kimelala? Rudia. Rudia tena." Na marehemu, ambaye nyumbani hakuwahi kurudia hata kufunga mlango vizuri, alirudia mara ishirini, akitabasamu. Hakuna kingine kilichotokea katika nyumba ile. Tabasamu hilo lilitosha kumkera mkewe.

"Mimi mbona hunitii hivyo?" alimuuliza njiani.

"Wewe ukinikaripia, najua supu ipo. Yule akinikaripia, sina changu kwake."

Ilimchukua miaka miwili kupiga minueti moja, kipande kifupi cha piano, bila kusimama. Alipoimaliza, aligeuka kumtazama kwanza Bi Perla, halafu mkewe. Mkewe aliona mpangilio huo.

Mwezi Juni 2021 alipata kiharusi, na mkono wa kulia ukafa ganzi. Hakupiga piano tena. Ukucha ukaanza kurefuka, na mkewe akauacha, akidhani sasa mumewe atafurahi kurudishiwa ukucha wake wa zamani. Jumamosi moja marehemu alimwonyesha kidole hicho kwa mkono wa kushoto.

"Ukate, Adela."

"Hupigi piano tena. Wa nini kuukata?"

"Ukate wewe."

Tangu siku hiyo mkewe aliukata kila Jumamosi. Bi Perla alipokuja kumjulia hali, aliutazama mkono ule, akasema ukucha umekatwa vizuri, ila upande wa ndani umebaki kidogo. Mkewe alimshukuru.

Marehemu alifariki nyumbani Molo tarehe 3 Februari 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Kabla jeneza halijafungwa, mkewe aliukata ukucha kwa mara ya mwisho, na upande wa ndani pia.

Ameacha mjane, Adela, watoto wawili, Florante na Evangelina, wajukuu watano, na piano yake, ambayo haitauzwa wala kuazimwa. Bi Perla Gallego atapiga minueti ile baada ya kusomwa wasifu huu, mara moja tu, kama ilivyokubaliwa.

Teodorico, pumzika kwa amani. Mkono uko tayari.