Profesa Inshirah na Alifu ya Ukurasa wa 47

Tarehe 31 Julai 2024 Profesa Inshirah Abdelgawad anastaafu, baada ya miaka arobaini na miwili katika Idara ya Sosholojia ya chuo chetu hapa Iskandaria. Alikuja mwaka 1982 akiwa mhadhiri msaidizi mwenye mkoba wa turubai uliojaa daftari. Anaondoka akiwa profesa, na nusu ya wahadhiri wa idara wamepita mikononi mwake. Kamati ya jarida imeniomba niandike mimi kwa kuwa kati ya wakuu wa zamani wa idara nimebaki peke yangu. Moyo wangu ni mgonjwa na daktari haniahidi majira ya baridi, kwa hiyo nilikubali haraka.

Tasnifu yake ilihusu foleni za mkate mtaani Karmuz. Alisimama foleni na akina mama mwaka mzima, na walipomzoea wakamtuma awashikie nafasi wanapokwenda kufua. Alipenda kusema kwamba shahada ile alilipwa kwa mikate.

Wengi wetu tuliandika juu ya uliberali mamboleo kwa majedwali. Yeye alisema kuuza viwanda ni kazi ya pili ya itikadi hiyo. Kazi yake ya kwanza ni kuwatenga watu, hadi dhiki ya watu elfu igeuke aibu ya kila mmoja nyumbani kwake. Aliyepoteza kazi ajilaumu kwamba hana ujuzi. Ambaye mwanawe amekosa shule nzuri ajilaumu kwamba hakuhangaika vya kutosha. Na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni utengano, alisema, hauponywi na mtaalamu wala na waziri mwema. Unaponywa na watu wanaokaa pamoja, wakaungana, wakadai.

Hakuyasema hayo darasani tu. Siku moja kwenye baraza la kitivo, mkubwa mmoja alipendekeza kwamba tangu hapo mwanafunzi aitwe mteja. Inshirah akanyoosha mkono. "Kama wao ni wateja, mimi ni nani, muuza bajia za taamia? Basi nipeni na kikaango." Pendekezo lile halikurudi tena mezani.

Mwaka 1996 kiwanda cha kusokota uzi kilichokuwa nyuma ya mfereji wa Mahmudiya kiliuzwa. Wafanyakazi waliitwa ofisini mmoja mmoja, na kila mmoja akaambiwa kwamba wenzake wote wameshatia sahihi. Walitoka na barua za pensheni ya mapema, wengine wakiwa na miaka thelathini na minane. Kila mtu alificha barua yake kama mgonjwa anavyoficha kipele.

Inshirah aliwakusanya katika mkahawa mmoja akawaomba jambo dogo: kila mtu asome barua yake kwa sauti. Kufikia barua ya tano watu walicheka. Kufikia ya kumi walinyamaza. Zote zilisema "naomba kwa hiari yangu", neno kwa neno, nukta kwa nukta. Usta Metwalli Shahhat, fundi wa mashine za kusokota, akasimama. "Jamani, watu elfu moja mia moja na arobaini tumeota ndoto moja?" Jumuiya yao ilizaliwa hapo, na ipo hadi leo.

Matokeo ya utafiti wake juu ya kiwanda hicho yalichapwa kuwa kitabu mwaka 1998. Inshirah aliandika, ukurasa wa 47, kwamba wafanyakazi wale walitolewa. Kitabu kilipotoka kilisema walitoka. Katika maandishi yetu ya Kiarabu maneno hayo mawili yanatengwa na alifu moja tu mwanzoni. Iondoe, na aliyesukumwa mlangoni atakuwa ametembea mwenyewe. Jumuiya ilipomshtaki mnunuzi wa kiwanda, wakili wake aliusoma ukurasa huo mahakamani kwa madaha. "Hata mtaalamu wao anasema walitoka." Kesi ikaanguka.

Usta Metwalli alimfuata Inshirah hadi ngazi za mahakama. "Bi Daktari, tulikupa barua zetu, wewe ukatuuza kwa herufi." Inshirah hakumtaja mpiga chapa wala mtu mwingine. Alijibu, "Kitabu kina jina langu. Kosa ni langu." Alhamisi iliyofuata, siku ya mkutano wa jumuiya, alikuwa mkahawani kama kawaida. Wachache walimkaribisha. Usta Metwalli aligeuza kiti chake akaelekea ukutani, na akafanya hivyo kila Alhamisi kwa miaka ishirini na sita. Inshirah hakuacha kwenda. Alikuwepo jumuiya ilipopigania matibabu ya familia na ikayapata, na alikuwepo ilipoungana na wauguzi na wafanyakazi wa bandari. Kila mwaka wanafunzi wapya walisikia onyo lake: "Someni prufu zenu kabla kitabu hakijachapwa. Mimi nilisinzia, alifu moja ikatoroka." Idara nzima ilicheka. Nami nilicheka.

Alifu ile haikutoroka. Niliifuta mimi, Wagdi Tadros.

Prufu zilipita mezani kwangu kama mkuu wa idara. Mjumbe wa wafadhili wa utafiti alikunywa kahawa ofisini kwangu, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Profesa, hii alifu inatuumiza kichwa." Wafadhili hao walikuwa wametuahidi maktaba mpya. Nilijiambia ni suala la sarufi tu, nikachukua kalamu. Maktaba ilijengwa, na watu wanaisifu hadi leo. Nilimwona mwenzangu akibeba kosa langu mahakamani, mkahawani na darasani, nami nikaendelea kumsalimia kila asubuhi.

Mwezi uliopita nilimpelekea Inshirah rasimu ya wasifu huu. Niliandika humo kwamba "alifu ilifutwa". Baada ya siku mbili karatasi ilirudi, sentensi hiyo imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Na nani?" Nikampigia simu. Alikuwa akilia, nami nilijua si kwa furaha. "Nilifika mahali nikaamini mkono wangu uliteleza," alisema. "Sitaki maua yako, Profesa. Wale waandikie walitolewa. Wewe jiandikie nilifuta."

Nimefanya hivyo hapo juu. Jumanne mpwa wangu alinipeleka kwa Usta Metwalli, kwa kuwa hakustahili kuyasoma haya kwanza kwenye jarida. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo wewe ulikula alifu," alisema, "sisi tukala njaa." Mkewe alileta chai. Nilipoomba msamaha, alinisogezea sukari. "Chai nitakunywesha, Profesa. Kusamehe bado." Kisha akakunja uso. "Na yule mama nimemgeuzia mgongo miaka yote hiyo. Hiyo sherehe yenu ya kumuaga inaanza saa ngapi?"

Nimemwambia saa nne asubuhi, na nimeomba awekewe kiti cha mbele, yeye na wenzake watakaokuja naye. Nimemwomba pia mkuu wa maktaba abandike karatasi ifuatayo ndani ya kila nakala ya kitabu iliyopo chuoni:

*Ukurasa wa 47, mstari wa tisa, usomwe hivi: wafanyakazi 1,140 walitolewa. Mwandishi aliandika sahihi.*

Profesa Inshirah, chuo kinakushukuru kwa miaka arobaini na miwili, na kwa kuwafundisha vijana wetu kwamba mtu aliyeonewa huanza kupona pale anapomsikia jirani yake akisoma barua ile ile. Karatasi hii ilikuwa haki yako kabla ya hotuba zote. Nenda na afya njema na moyo mweupe, na Alhamisi zako ziwe nyingi, miongoni mwa watu wanaokutazama usoni.