Sista Jedida na Kofia Isiyochakaa

Baada ya miaka ishirini na saba ya uuguzi, Sista Jedida Nduku anastaafu tarehe 31 Desemba 1988. Mimi niliyefanya naye kazi tangu alipohamishiwa Malindi kutoka Kaloleni bado sijaamini.

Alikuja na Kiswahili cha Ukambani. Siku ya kwanza aliwaita wazee wa Shella kwa sauti, "Kuja hapa!" Wakaja, midomo wazi. Shikamoo alijifunza baadaye.

Lakini kilichotuacha hoi ni kisa cha mzazi mmoja aitwaye Harusi, mwaka 1981. Alikuwa ametoka arobaini, zile siku za kukaa ndani baada ya kujifungua, asubuhi hiyo na mwanawe wa kwanza, akafika kliniki kwetu analia. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akimtazama vizuri tu, na sasa, njia nzima, macho yanampita kama hayupo. Mavyaake, mama wa mumewe, alishaamua ni husuda. Sista akammulika mtoto kwa tochi, mboni zikacheza, ila mtoto hakuushughulikia uso wa mamake kabisa. Tulifadhaika. Sista akaanza kumwandikia kwenda Mombasa kwa daktari wa macho.

Chumba kilikuwa na joto. Mlango ulipofungwa, Harusi alivua buibui ili anyonyeshe. Mtoto akakodoa macho pale nywele zinapokutana na paji, akatabasamu.

"Ananiona! Wallahi mwanangu ananiona!"

Tochi ilimponyoka Sista, kioo kikapasuka. Harusi akajifunika, tabasamu likazimika. Akafunua, likarudi. Kumbe arobaini nzima mtoto alimjua mama kichwa wazi, kwa ule mpaka mweusi wa nywele! Kichanga hushika kwanza pembezoni mwa uso. Macho na mdomo huvizingatia baadaye. Funika mpaka huo, na mama amegeuka mgeni. Sote pale tulikuwa tumelea, na hakuna aliyewahi kuliona hilo.

Tangu hapo Sista hakuvaa kofia yake nyeupe mbele ya vichanga. Alikaripiwa, akanuna, akaivaa siku za ukaguzi tu. Wiki hii ameirudisha stoo, na mtu wa stoo amekataa katakata kuwa ndiyo ile aliyompa.

Ahsante, Sista. Unakwenda Machakos kwa mjukuu aliyezaliwa mwezi jana, ambaye hujamtia machoni. Mola akupe afya na raha ya nyumbani. Leso tulizokununulia ni za kichwani, tunajua, lakini ukifika mlangoni zivue kwanza. Mwonyeshe hizo mvi, akujue kwazo.

Batuli, kwa niaba ya wenzako