Nani Alitoboa Siri ya Mizuka?

Benchi la kwa mama Consolée, muuza kahawa wa hapa Mulongwe, linabeba watu watatu wakibanana. Asubuhi hii lilibeba wawili tu. Basile, mwenye sale, yaani ukumbi wa filamu, alikuwa ameweka kofia yake kwenye nafasi ya Norbert. Kando ya kofia alikaa Eugène, tunayemwita Sauti kwa sababu ndiye anayeshika mikro na kutafsiri filamu za Basile huku zikiendelea. Norbert alisimama na kikombe chake kama mshtakiwa. Jana ukumbi ulijaa kwa ajili ya filamu ya kutisha, hadithi nne ndani ya filamu moja, na hakuna aliyeshtuka. Wengine walipiga miayo. Hata mimi, ninayeogopa mlango ukijifunga kwa upepo, sikushtuka.

— Norbert, sema ukweli, Basile alianza. Weye uliiangalia mu telefone, ukapita unaadisia watu.

— Minye? Telefone yangu kioo kilipasuka tangu Pasaka. Hata sura yangu siioni mule!

— Basi watu walijua namna gani? Bibi-arusi hajaondoa kitambaa ku uso, muntu wa nyuma anasema, "Hana uso." Na kweli hana!

— Na ule maiti wa hadithi ya pili, Sauti akadakia. Hata hajakohoa, sale yote ilishafunika macho. Kuko muntu alitoboa siri. Hiyo kofia isitoke hapo mpaka aungame.

— Ao filme yenyewe ndiyo mubaya, Consolée alisema akimimina.

— Hapana, mama, Basile alimjibu. Kule Bukavu iliogopesha watu mpaka mumoja akakimbia na kiatu kimoja.

Norbert alipata pa kushika.

— Musikie. Ile antena mupya ya ku kilima, munafikiri iko ya telefone tu? Inavuta filme, inaipitisha mu vichwa vyetu tukilala.

— Kumbe minye naonyesha watu ndoto zao? Basile aliuliza.

— Iko mubaya kuliko hiyo, Sauti alisema. Mizuka yenyewe imechoka. Imezunguka kila sale, Luvungi, Sange. Ikifika huku inatokea tu kama wafanyakazi wanaingia ku biro.

— Kwa hiyo ni mizuka ndiyo ilitoboa siri? Consolée aliuliza.

— Mizuka na Norbert.

Basile aliweka kikombe chini.

— Norbert, ku sale yangu usiingie tena.

Norbert, ambaye hajakosa filamu hata moja tangu mkewe arudi kwao, aliitazama kofia.

Hapo akafika Aline, mpwa wa Consolée, mgeni kutoka Sange. Jana ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ukumbini.

— Mujambo, wapapa. Nilitaka kuuliza kitu kimoja. Ile sauti yenye ilikuwa inasema kila mara, "Mufunge macho, anakuja," na kwa bibi-arusi, "Huyu hana uso," iko ya mu filme ao iko ya hapa?

Sauti amekuwa akitanguliza maneno kama hayo kabla ya kila kitisho tangu siku mama mmoja mjamzito alipoanguka na kiti kwa hofu. Tumeyazoea hata hatuyasikii tena.

Sauti alichungulia ndani ya kikombe chake. Basile aliichukua kofia, akaipangusa, akaivaa. Norbert akakaa, akambana Sauti kuliko ilivyohitajika, kisha akamnyooshea Consolée kikombe. Consolée aliinamisha chupa ya kahawa, akaitikisa.

— Mufunge macho, alisema. Imeisha.