Mzee Mstari, Dobi Aliyechagua Majivu

Leo tunamsindikiza kaka yetu, dobi, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mstari. Jina hilo lilitokana na mstari wa suruali. Wateja walisema suruali aliyoipiga pasi yeye ungeweza kuikatia mkate. Mimi ni mdogo wake na nilifanya naye kazi tangu mwaka 1990, kwa hiyo mengi ninayosoma hapa niliyaona kwa macho yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watatu. Mbele yake alikuwa dada yetu. Mimi nilikuja nyuma sana, wakati nguo za mtoto zilikuwa zimeshagawiwa majirani.

Alisoma shule ya msingi na kumaliza mwaka 1966. Alikuwa na kaptula moja tu ya shule. Kila jioni aliilowanisha kidogo, akaikunja, akaiweka chini ya godoro na kuilalia. Siku moja mwalimu mkuu alimwita mbele ya darasa, naye akajua leo ni fimbo. Mwalimu akamuuliza, "Kaptula hii unanyooshewa wapi?"

"Nailalia, mwalimu."

Darasa zima lilicheka. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimletea suruali yake akailalie. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza.

Kuanzia mwaka 1967 aliajiriwa kufua mashuka ya hospitali. Tarehe 4 Septemba 1978 alifungua duka lake mwenyewe la udobi, chumba chenye meza mbili, pasi tatu za makaa na kamba uani. Kila nguo iliyoingia aliishonea kipande cha kitambaa chenye namba, kwa uzi mwekundu. Alisema nguo haina mdomo wa kujieleza ni ya nani. Miaka yote hiyo ilipotea soksi moja tu, na baadaye tuliikuta mguuni mwake.

Adui yake mkubwa alikuwa jivu. Pasi haikugusa shati jeupe kabla hajaitoa mlangoni, akaipuliza na kuifuta. Nikifanya haraka aliniambia, "Bwana mdogo, unataka kumvalisha mtu jiko?"

Mwaka 1981 karani mmoja wa posta alileta blauzi moja. Aliporudi kuichukua aliambiwa haijawa tayari. Akarudi tena, haijawa tayari. Mara ya tatu akauliza, "Dobi, hii blauzi unaipiga pasi kwa kijiko?" Blauzi ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza, imetundikwa nyuma ya mlango. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 1982 na wakajaliwa binti wawili. Shemeji yangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba aliolewa kwa sababu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuipata blauzi yake.

Shemeji alifariki tarehe 2 Novemba 2015 na akazikwa hapa tulipo. Marehemu aliomba awekewe nafasi ya pembeni yake katika mstari ule wa makaburi, lakini nafasi haziwekwi, na kabla mwaka haujaisha pande zote mbili zilikuwa na wenyewe. Alirudi nyumbani akasema maneno mawili tu, "Mstari umejaa." Wiki nzima hakufanya utani.

Januari mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alipoona hali haigeuki, alituomba mimi na binti zake tumpeleke mahali wanapochoma miili ya marehemu, akajionee. Alikuwa amesikia kwamba majivu huwekwa katika kisanduku kidogo, na kisanduku kinaweza kuingia katika kaburi ambalo tayari lina mtu, ofisi ya makaburi ikiruhusu.

Msimamizi wa tanuri, mama mmoja mpole, alimweleza yote. Jeneza liwe la mbao tupu, lisilo na vishikio vya chuma. Familia inaweza kumwona marehemu kwanza na kumuaga. Mwenye mashine ya moyo kifuani hutolewa mashine hiyo kabla. Kazi ni ya saa mbili hivi, na majivu huchukuliwa kesho yake. Watu wengine huyaweka nyumbani, wengine huyamwaga mahali walipopapenda, wengine huyazika.

"Na mifuko mnakagua?" marehemu akauliza.

"Tunakagua, mzee."

"Vizuri. Sasa mtajuaje kwamba jivu hili ni langu, si la jirani?"

Yule mama akatoa kisahani cha chuma chenye namba. Alisema kinaingia na marehemu tanurini na kutoka naye, wala hakiungui. Marehemu alikigeuza huku na huku. Kisha akatoa mfukoni kitambaa chake cha namba, akaviweka pamoja mezani, akatuambia, "Hawa ni watu wa kazi."

Dada yetu, alipopigiwa simu kuambiwa, hakukubali. "Wewe umefukuza jivu maisha yako yote, leo unataka kuwa jivu?"

"Nililifukuza kwenye mashati ya watu, dada."

"Na mimi nikija kukusalimia nitakaa wapi?"

"Pale pale unapokaa ukija kwa wifi yako. Utatusalimia wawili kwa nauli moja."

Dada alikata simu, na hakuipokea tena wiki nne. Marehemu alishakuwa na barua ya ruhusa ya ofisi ya makaburi mkononi, lakini alisema bila dada kukubali hatakwenda tanurini. Siku ya ishirini na tisa dada aliingia dukani na kitambaa cheupe, akakiweka mezani. "Cha kufungia hicho kisanduku," akasema. "Kipige pasi wewe mwenyewe, huyu mdogo wako ana haraka." Alikipiga pasi akiwa amekaa kwenye kiti. Pasi niliipuliza mimi, mara mbili.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti zake wakimbadilishia shuka. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Vuta hiyo pembe."

Tulimuaga tanurini Ijumaa. Leo asubuhi tulikwenda kumchukua. Kisahani kilikuwa mezani, namba 417. Dada alivaa miwani, akakilinganisha na karatasi tuliyopewa Ijumaa, tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Ni wetu huyu." Kisanduku amekipakata mwenyewe njia nzima.

Marehemu ameacha dada mmoja, mdogo wake mmoja, binti wawili, mmoja mwalimu na mwingine fundi umeme, wajukuu watano, na mashati kumi na moja ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua. Yako tayari.

Mstari haukuwa umejaa, kaka. Pumzika kwa amani kando ya mkeo, pasipo mkunjo hata mmoja.