Kovu la Okomo na Wataalamu wa Kirumba

Benchi la Kirumba liko mbele ya cherehani ya Fundi Longino, na anayekaa hapo hupewa jina kabla hajapewa kahawa. Mwalimu Rwegasira, aliyesomea ualimu Butimba, anaitwa Redio kwa sababu anayo moja na kila asubuhi huja na habari zake. Antoni, kiongozi wa nyumba kumi, anaitwa Balozi. Okomo, kijana wa Kijaluo anayefunga kamba kwenye kivuko cha Busisi, anaitwa Panga. Ana kovu pana kama kidole, linaloanza chini ya jicho na kuishia kwenye taya. Kulabu ya turubai ilichomoka kwenye lori la pamba ikamchana akiwa kazini. Siku ya kwanza alipokaa benchini, Balozi alimtazama akasema, "Karibu, Panga." Wakacheka, naye akacheka. Alikuwa amejiandaa kueleza. Hakuna aliyeuliza.

Sasa, mwaka wa themanini na nne, Okomo alikuwa anamchumbia binti wa Kisesa aitwaye Justa. Kule, tangu sungusungu waanze kusaka wezi wa ng'ombe, mwanamume mwenye uso uliochanwa hutazamwa mara mbilimbili. Na mchumba hajisemei. Wakwe hutuma mtu kijiweni kwake, akaulize wanaomjua. Mtu huyo alitarajiwa mwisho wa mwezi.

— Kuna daktari bingwa kutoka Dar amekuja hospitali, kesho anarudi, — Okomo aliwaambia asubuhi hiyo. — Anasema anaweza kulikata hili kovu, ashone upya polepole. Halitaisha. Litabaki mstari mwembamba. Anataka jibu leo kabla ya saa sita.

— Atashona kwa uzi gani? — Fundi aliuliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani. — Mimi nimepanga foleni duka la ushirika wiki nzima, nimerudi na kibiriti.

— Hospitali wana uzi wao.

— Haya, uzi wanao. Na kitambaa? Akikata, amepunguza. Shati ukilipunguza upande mmoja, kola inahama. Utaamka mdomo uko jirani na sikio, Panga, ugali unaula kwa pembeni.

— Fundi, hayo mambo ya zamani, — Redio alisema. — Wenzetu hawakati tena. Wana mwanga unaitwa leza. Ni kama tochi, ila hautawanyiki. Wanamulika kovu, linakuwa mvuke.

— Mvuke unakwenda wapi? — aliuliza Leonsia, muuza kahawa.

— Unapaa.

— Unapaa juu ya birika langu?

— Leonsia, sayansi hiyo. Mwanga huohuo waliupiga mpaka mwezini, ukarudi. Shavu ni kitu gani?

— Ukifika mwezini, meno utayaruka? — Fundi alisema. — Daktari akipiga chafya tu, Panga anatobolewa mpaka kisogoni.

— Na umeme, — Balozi aliongeza. — Huu wetu ukikatika katikati ya shavu, tunabaki na nusu Panga, nusu bwana harusi.

— Hapana leza hapa, — Okomo alisema. — Amesema kukata na kushona.

— Hajakwambia yote, — Balozi alisema, akaweka kikombe chini kama mtu anayefungua mkutano. — Ngozi isipotosha, wanabandua ya paja. Hapo ndipo mimi, kama kiongozi, nakataa. Paja limefanya kazi miaka yote ndani ya suruali, jua halijaliona. Leo lichunwe ili shavu lipendeze? Huo ni unyonyaji, ndugu zangu. Unyonyaji ndani ya mwili wa mtu mmoja.

— Na mkewe akimbusu, — Fundi alisema, — anabusu paja hadharani.

— Kwanza utaenda kwa ruhusa ya nani? — Balozi aliendelea. — Mgeni akiuliza kwako, namwelekeza kwa kovu. Ukilifuta, nimwelekezeje?

Walicheka mpaka Leonsia akashika birika vizuri. Okomo alisubiri wanyamaze.

— Nauliza niende au nisiende, — alisema. — Nikibaki hivi, mtu wa Kisesa ataniona mwizi. Akinikuta na bandeji, atasema nimetoka kukatwa tena.

Redio alianza kueleza kuhusu dawa ya Wachina inayotengenezwa kwa lulu. Ndipo mwanamke mwenye kikapu akasimama mbele yao, vumbi la safari likiwa bado kwenye khanga.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

Okomo aliinuka ampishe.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. — Alikaa. — Namtafuta kijana wa kivuko, anaitwa Okomo.

Balozi alikunja uso.

— Okomo. Katika nyumba zangu simjui.

— Labda upande wa Mwaloni, — Fundi alisema.

— Ana kovu shavuni, — mama alisema.

— Aa, Panga, — Balozi alisema kwa furaha. — Ungesema Panga tangu mwanzo. Si huyo aliyekupisha.

Okomo aliona macho ya mama yakipanda kwenye shavu lake, yakakaa hapo, kisha yakarudi kwa wale watatu.

— Mimi ni Teodora, shangazi yake Justa. Waliniambia nije mwisho wa mwezi. Nikaona nije kabla watu hawajajipanga.

Benchi lilinyooka.

— Mama, umefika penyewe, — Balozi alisema. — Huyu kijana tunamjua ndani na nje.

— Ni mwenzetu wa kila siku, — Redio alisema.

— Suruali yake nimeshona mimi, — Fundi alisema.

— Vizuri. Basi sina maneno mengi. Hilo kovu alilipataje?

Redio alimtazama Balozi. Balozi alimtazama Fundi. Fundi aliinama kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa. Okomo alifungua mdomo.

— Wewe tulia, mwanangu. Najua jibu utakuwa nalo. Nawauliza wanaokujua.

Saa sita ilikuwa inakaribia, na hospitali ilikuwa mbali. Okomo hakusogea. Akiondoka sasa, Kisesa watachukulia kuondoka kwake kuwa ndilo jibu. Teodora alionja kahawa isiyo na sukari, akashika kikombe mkononi, akangoja.

— Ni ajali, — Balozi alisema mwishowe. — Ajali ya kazini.

— Ya kivuko?

— Ya kivuko, ndiyo.

— Kama mlijua ni ya kivuko, — Teodora aliuliza, — jina la Panga mlilitoa wapi?